Ukimficha mbwa, lazima umlishe: jibu kwa mwalimu anayeandika riwaya ya watoto

Swali limetoka kwa mwalimu wa darasa la sita, maeneo ya Pangani. Anaandika riwaya fupi ya watoto. Hamisi, mwenye miaka 11, anamwona mbwa wa jirani yao mlevi, Mzee Kombo, amefungwa kamba na kupigwa kila siku. Usiku mmoja anamchukua, anamwogesha, anampa pilau iliyobaki. Mbwa huyo, Simba, anamlamba mkono, analala miguuni pa kitanda. Bibi yake Hamisi anamwonea huruma. Mwishoni polisi wanamkamata Mzee Kombo. Wenzake watatu waliosoma rasimu wamesema "haiaminiki", lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mwalimu amesoma Shiloh, riwaya ya Kimarekani ya Phyllis Reynolds Naylor kuhusu mtoto, Marty, anayemficha mbwa wa jirani, Shiloh, na anauliza: mtoto wa kitabu kile anaaminika, wangu ana kasoro gani?

Salaam, mwalimu. Hamisi hana kasoro. Kasoro ni kwamba siri yake haimgharimu chochote. Anamficha mbwa kama mtu anayeficha barua chini ya godoro. Mbwa si barua. Anakula, anakunywa, ananuka, analia usiku, ana vidonda, na ana mwenyewe anayemtafuta. Kila kimoja kati ya hivyo ni sura ya kitabu chako, na rasimu imeviruka vyote.

Tuanze na chakula, maana ndicho kitakachoisukuma hadithi yako yote. Tuseme Simba (jina zuri, liache) ana uzito wa kilo 12. Mbwa mzima wa uzito huo anahitaji takriban kilokalori 700 kwa siku. Unga wa mahindi wa gramu 100 una kama 360. Kwa hiyo Simba anahitaji ugali wa gramu 200 za unga, ambao ukishapikwa unapita nusu kilo. Hiyo ni sahani ya mtu mzima! Mtoto wa miaka 11 hawezi kuchota sahani ya mtu mzima kila siku jikoni bila bibi kuona sufuria imepungua. Ataanza kumega tonge zake mwenyewe na kuziweka mfukoni. Atakonda. Atasinzia darasani. Bibi ataona kwanza kwamba mtoto anakula haraka kuliko kawaida halafu anakimbilia nje, na atadhani ana minyoo.

Naylor alilijua hili. Katika Shiloh, iliyotoka mwaka 1991 na kupata nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1992, Marty naye ana miaka 11, na kwao huko vilimani West Virginia hakuna hela ya kulisha mbwa. Anabakiza chakula chake, kisha anakwenda dukani kuomba mabaki ya bei rahisi. Watu wanadhani familia ya akina Marty imeishiwa, wanaanza kuwapelekea vyakula, na baba yake, anayesambaza barua katika eneo lile, anabaki na aibu ambayo hajui imetoka wapi. Uongo mdogo wa mtoto umegeuka fedheha ya baba. Ndiyo maana tunamwamini Marty: tunaona kila tonge la mbwa lilikotoka na nani alilipa.

Wewe una Pangani, na Pangani kuna diko, mahali wavuvi wanaposhusha samaki. Hamisi anaweza kwenda alfajiri samaki wanapopaliwa, akaokota vichwa na matumbo. Hapo umepata harufu itakayomfuata hadi darasani, na mvuvi atakayemuuliza, "Nyumbani kwenu mnafuga paka wangapi?" Machicha ya nazi nayo yapo bure, ila yana mafuta. Mbwa mwenye njaa akipewa mengi ataharisha. Maji msisahau, wewe na Hamisi: mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili, yaani kati ya mililita 600 na 720 kwa Simba, na kwa joto la pwani hesabu lita nzima. Kama maji ya nyumbani yanatekwa kisimani, lita hiyo anaibeba Hamisi.

Sasa ile pilau. Iondoe, au iache kwa makusudi. Mbwa aliyeshinda njaa kwa majuma akipewa shibe usiku wa kwanza hapati nafuu, anaugua. Mwili uliozoea kujila wenyewe ukijazwa chakula ghafla, chumvichumvi za damu kama fosfeti na potasiamu zinashuka, misuli inalegea, moyo unaweza kushindwa. Hata asipofika huko, atatapika na kuharisha. Tena pilau ina vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Inavyotakiwa ni robo ya chakula cha siku, kwake kama gramu 50 za unga, upikwe uji mwepesi pamoja na samaki aliyechemshwa, akatolewa miiba na kupondwapondwa, ugawanywe mara nne hadi sita kutwa. Kisha unaongeza kidogo kidogo kwa siku nne au tano, na kufikia wiki anakula kamili. Mimi ningeiacha pilau: Hamisi ampe yote kwa mapenzi, asubuhi amkute Simba amelala katika matapishi yake. Mtoto anayesoma atajua kwamba huruma peke yake haitoshi, na wewe hutalazimika kumwambia.

Kuogesha usiku uleule nako ni kosa. Mbwa aliyekonda hana mafuta ya kumtia joto, na maji baridi ya usiku yanaweza kumdhuru. Aidha mbwa anayepigwa hakubali kushikwa mwili mzima na mtu aliyemjua saa moja iliyopita. Mtazame alivyo: mkia ameufyata katikati ya miguu ya nyuma, masikio yamelala, mgongo umepinda, analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anageuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana. Hizo ni dalili za hofu. Lugha yetu inazijua, ndiyo maana tunasema mtu "ameufyata". Na kutikisa mkia si furaha kila mara. Mkia ulio chini unaotikisika haraka haraka ni wa mbwa anayeomba asipigwe.

Kwa hiyo ile lamba ya mkono usiku wa kwanza ihamie mbali, labda sura ya tisa. Kabla ya hapo Hamisi aifanyie kazi. Asimkazie macho, asimsimamie, asipeleke mkono juu ya kichwa (mbwa aliyepigwa anaona fimbo inakuja). Aweke chakula, arudi nyuma, akae ubavu. Kila siku apunguze umbali kwa hatua moja. Iandike hivi, kwa vitendo tu:

"Hamisi aliweka kifuu chini, akarudi nyuma hatua nne, akachuchumaa ubavu, macho kwenye vidole vya miguu yake. Simba hakuja. Alirefusha shingo tu, miguu ya nyuma imebaki palepale, tayari kukimbia. Akalamba ukingo wa kifuu mara moja, akainua kichwa, akasikiliza. Kisha akalamba mara tatu. Hamisi alipokohoa, mbwa alikuwa keshajificha nyuma ya mnazi, na uji umebaki nusu."

Hakuna neno "alisikitika" hapo, wala "alimpenda". Usiingie kichwani mwa Simba kueleza anawaza nini. Tuonyeshe masikio, mkia, miguu. Pia usiandike kwamba alivutiwa na kitambaa chekundu: jicho la mbwa linaona vizuri buluu na manjano, nyekundu haioni kama tunavyoiona sisi.

Kifuu, yaani gamba la nazi, nimekichagua kwa sababu ya bibi. Nadhani wenzako, ingawa hawakuweza kulieleza, wamekwama kwake kuliko popote pengine, na wana haki. Bibi wa Kiislamu wa Pangani, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, anajua mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hawezi kumwacha alale miguuni pa kitanda na asubuhi aswali chumba hichohicho kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimfanya hivyo, msomaji wa pwani atafunga kitabu. Lakini bibi huyohuyo anaijua hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka tena, akajaza maji katika khofu yake (soksi ya ngozi), akaishika kwa meno, akapanda akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Huyo ndiye bibi wako: anayesema "huyo mbwa asikanyage ndani, na bakuli langu usiliguse", kisha jioni anamsimulia mjukuu habari ya kisima. Hahitaji kubadilika. Hukumu ya usafi na amri ya huruma zinakaa ndani ya mtu mmoja, na suluhisho ni kifuu, nje, chini ya mnazi. Sura hiyo ikiandikwa vizuri itakuwa mali ya kitabu chako peke yake. Naylor asingeweza kuiandika.

Mahali pa kumficha: siyo chumbani, ni pagala, nyumba iliyoachwa bila watu. Pwani mapagala yapo, na watoto ndio wanaoyajua. Hamisi azibe mlango kwa makuti na vipande vya bati. Hapa kumbuka jambo moja kutoka Shiloh. Marty anamjengea mbwa kizizi kwa waya, na mbwa mkubwa wa jirani mwingine anaruka ndani, anamjeruhi vibaya. Shiloh angekuwa huru angekimbia, lakini ua uliojengwa kumlinda ndio uliomzuia. Usinakili tukio hilo. Chukua mantiki yake: dhara litoke ndani ya kile mtoto alichokifanya kwa upendo. Kwa Simba linaweza kutoka kwenye kamba.

Kamba ya Mzee Kombo haikubadilishwa tangu mbwa alipokuwa mdogo. Shingo imekua, kamba haikukua. Imezama katika ngozi, manyoya yamegandamana juu yake, kwa mbali huioni, unasikia harufu tu. Nzi wametaga, na ukisogeza manyoya unaona mabuu. Kidonda cha namna hiyo ni cha daktari wa mifugo, maana kamba iliyozama haivutwi. Ikivutwa inang'oa nyama na inaweza kuchana mshipa. Anachoweza kufanya mtu mzima nyumbani ni kuosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, basi. Wasomaji wako watakuwa wameona wakubwa wakipaka oili chafu ya gari, au wakimwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa hujilamba, na vyote viwili ni sumu. Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa tumbo na kuua figo. Kama kuna mhusika atakayeshauri mojawapo ya hayo, na awepo wa kumkatalia.

Hamisi hayajui haya. Siku ya nane au ya tisa, baada ya ile lamba ya mkono, anachukua kisu cha bibi kuikata kamba. Simba, kwa maumivu, anamng'ata kiganja.

Hapa, mwalimu, nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako, kwa sababu watoto watafanya watakachosoma. Hamisi atataka kuficha jeraha, maana akilisema siri imekwisha. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Siri lazima ivunjike palepale. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Saa itazamwe kwenye simu ya mtu, kwa sababu dakika 15 ni ndefu mno kwa mtoto anayelia na ukurasa wako uonyeshe urefu huo. Si majivu, si pilipili, si mafuta ya taa. Kisha zahanati au hospitali siku hiyohiyo, dozi ya kwanza ya chanjo bila kusubiri, na nyingine zikifuata siku ya 3, ya 7 na kuendelea kama kituo kitakavyopanga. Bibi ndiye amshike mkono bombani. Hasira zake zisubiri dakika ya 16.

Kumbe tukio hilo hilo linakupa kitu ambacho rasimu yako haina: muda unaohesabika. Mbwa aliyeng'ata, kama anapatikana, hauawi ovyo. Anafungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Sasa Mzee Kombo anataka mbwa wake auawe, kijiji kinaogopa, na afisa mifugo wa kata anasema mbwa huyu atabaki hai siku 10 kwa faida ya mtoto. Yule aliyefichwa analindwa hadharani. Siku 10, sura nne au tano. Ukitaka mwalimu wa shule aingie, amsimulie Hamisi habari ya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa na kupelekwa Paris kwa Louis Pasteur, akaanza kuchomwa sindano tarehe 6 Julai 1885, akapona.

Mzee Kombo sasa. Umemfanya mlevi, na ulevi ni njia ya mkato. Mpe sababu. Wako watu wanaoamini kwa dhati kwamba mbwa wa ulinzi akishibishwa anazembea, kwamba njaa, kamba fupi na pilipili ndivyo vinavyomtia ukali. Labda Mzee Kombo aliibiwa mara mbili, akanunua mbwa, akamlea kama alivyofundishwa. Labda yeye mwenyewe alilelewa kwa fimbo, kama Judd Travers, mwenye mbwa katika Shiloh, ambaye Naylor anatufungulia utoto wake wa kipigo kwa kifungu kifupi tu, bila kumsafisha. Na ukweli ni kinyume cha imani hiyo: mbwa mwenye njaa ndiye mwizi anayemnyamazisha kwa kipande cha nyama, na mbwa anayepigwa na kila mkono hawezi kutofautisha mgeni na mwenyeji. Hoja hiyo, ikitoka kinywani mwa afisa mifugo, inaweza kumfikia Mzee Kombo mahali ambapo neno "huruma" halimfikii. Inagusa mali yake.

Polisi mwishoni nadhani hapana. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mbwa ni kosa. Hilo lisemwe kitabuni. Lakini Hamisi naye amechukua mbwa wa mtu usiku bila ruhusa, na Mzee Kombo ana haki ya kuuliza hilo neno linaitwaje. Shauri la namna hii kijijini linaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji, wakikaa na wazee na afisa mifugo. Ni mandhari bora kuliko pingu, kwa sababu kila mtu lazima aseme. Mzazi au mlezi wa Hamisi aombe radhi kwanza. Watoto wa Kiswahili watalingojea hilo, na wasipoliona watahisi pengo.

Halafu bei. Marty anakubaliana na Judd: dola 40 za mbwa, saa 20 za kazi kwa dola 2 kila saa, karatasi inaandikwa. Baadaye Judd anasema karatasi ile haina shahidi, si kitu. Marty anaendelea kufanya kazi hata hivyo, jasho kwa jasho, na hapo ndipo kitabu kinapopata nguvu yake. Wewe usiige kama ilivyo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mhariri makini atakuuliza. Fanya mapatano yawe kati ya wakubwa: bibi atoe kitu chake, tuseme nazi za mnazi mmoja kwa msimu, na Hamisi amsaidie kuangusha madafu na kufua nazi baada ya shule. Mashahidi wawili watie sahihi, na moja iwe ya dole gumba. Gharama ikimfikia bibi, ambaye hata kumgusa mbwa hataki, uzito wake utaongezeka mara mbili.

Kuhusu urefu, kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 12 maneno 15,000 hadi 20,000 yanatosha, sura za maneno kama 1,200. Nafsi ya kwanza itakufaa zaidi: Hamisi anayesema "nilimdanganya bibi" anauma kuliko "Hamisi alimdanganya". Sauti za Simba zitofautishe. Kubweka, kunguruma, kulialia na kulia usiku kwa sauti ndefu ya kuvuta ni mambo manne tofauti, na siri yake inaweza kuvuja kwa moja tu kati yao.

Ukishaandika upya sura tatu za mwanzo, wasomee darasa lako bila kuwaambia ni zako. Simama baada ya kila sura usikilize wanauliza nini. Wakiuliza Simba alikula nini siku hiyo na chakula kilitoka wapi, endelea na sura ya nne.